Ufa Uliofanana na Mguu wa Kuku

Nikishika kitu chochote cheusi na kigumu, penseli, kaa la jikoni, au kile kijiti cha katikati ya jiwe la tochi, dole gumba langu huanza lenyewe kutafuta ufa. Sijalituma. Mama yangu ananicheka kwa sababu nageuza makaa mara mbili mbili kabla ya kuyatia jikoni. Hajui kwamba kwa kipande kimoja cha kaboni, kifupi kuliko kidole, nilipoteza nafasi ya kutunza dainamo ya kiwanda cha pamba kule Homa Bay. Aliyenipotezea ni mtu niliyemwamini kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Nitajaribu kuyaeleza bila kujipamba, maana nami nina sehemu yangu, na hiyo ndiyo inayonikosesha raha.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kufaulu, lakini nyumbani hapakuwa na karo, kwa hiyo nikapelekwa Migori kwa fundi mmoja aliyetengeneza dainamo za mabasi na malori. Kibanda chake kilikuwa karibu na daraja, cha mabati, na ndani kulinuka mafuta na mpira ulioungua. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, mtu wa Muhuru Bay, mwembamba, mpole wa sauti, asiyejua kusoma wala kuandika. Nilimwita jaduong', kama tunavyomwita mzee wa heshima. Yeye alinipokea kama mtoto wake. Chakula chake cha mchana alikigawa katikati kwa kisu, na kipande kikubwa alinisogezea mimi.

Yeye alikuwa Mkatoliki, mimi Msabato. Jambo hilo halikutuletea maneno, lilitusaidia. Jumamosi mimi nilikuwa kanisani na yeye akafungua kibanda peke yake. Jumapili yeye alikwenda misa na mimi nikafungua. Ufunguo ulikuwa mmoja. Ijumaa kabla jua halijatua nilimwachia mkononi, na Jumamosi jioni akanirudishia. Tuliishi hivyo miaka mitatu, wala sikuwahi kujiuliza anafanya nini na vitu vyangu siku ambayo sipo.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Ndani ya dainamo kuna mviringo wa shaba unaozunguka, na juu yake huegemea vipande viwili vidogo vyeusi vinavyopokea umeme. Mafundi tuliviita kaboni. Kaboni huisha kwa kusuguana, kama kifutio cha shule. Ikiisha, taa za gari hufifia, betri hufa, na dereva hubaki barabarani akitukana. Kaboni mpya zilitoka ng'ambo kwa meli na zilichukua miezi kufika. Kwa hiyo fundi wangu alizichonga mwenyewe. Nyuma ya posta kulitupwa betri kubwa za simu zilizokwisha nguvu, ndefu kama chupa za mafuta. Tukizipasua tulitoa katikati kijiti kinene cheusi. Tulikichoma taratibu ndani ya kopo lililojaa mchanga ili nta iliyomo itoke, tukakikata kwa msumeno, tukakisugua kwa tupa na msasa mpaka kikawa mraba wa kuingia mahali pake.

Nyingine zilidumu mwaka mzima. Nyingine zilitoa cheche siku ya kwanza na kuichora shaba kama iliyoparuliwa na paka. Kwa macho zote zilikuwa sawa. Fundi alisema ni bahati. Mimi siwezi kulala na neno bahati. Tangu utotoni nilikuwa mtu wa kurudia kufunga mlango mara tatu, na kitu ambacho leo kinafanya kazi na kesho hakifanyi kilinitesa kama mwiba.

Njia ya kwanza ya kuzitambua niliipata kwa makosa. Kaboni moja iliniponyoka ikaanguka ndani ya karai la mafuta ya taa tulimooshea vyuma. Niliitoa, nikaipangusa ikawa kavu, nikaiweka dirishani palipokuwa na unga wa chaki tuliyotumia kuchorea mabati. Nilipoirudia baadaye, unga mweupe ulioishikilia ulikuwa umelowa kwenye mstari mmoja mwembamba, na ule mstari ulikuwa na matawi. Mafuta yalikuwa yameingia ndani ya ufa nisioweza kuuona, kisha yakatoka taratibu na kuichora chaki. Niliigonga kaboni hiyo kidogo tu ukingoni mwa jiliwa, kile chuma cha kubania vitu. Ikapasuka palepale penye mstari.

Sikula siku hiyo. Nilizichovya zote zilizokuwa kibandani.

Mengine nikayatafuta mwenyewe, maana hapakuwa na wa kumwuliza. Nilizidondosha kwenye jiwe bapa na kusikiliza: nzima hulia kama kikombe cha bati, mbovu hulia kama kigae. Nilizisugua kwenye kitako cha kikombe cha udongo kilichovunjika, pale pasipopakwa rangi. Moja ilichora mstari wa kijivu, laini, wenye kung'aa kama wa penseli nzuri. Nyingine ilichora mweusi tii kama masizi, na ilikwaruza. Nikagundua kwamba hata kijiti kimoja kinaweza kuwa penseli upande huu na masizi upande wa pili, kama ugali ulioiva chini ukabaki unga juu. Niliunga balbu ya tochi na jiwe lake moja, yaani betri, nikaupitisha umeme ndani ya kaboni huku nikisogeza waya kidogo kidogo. Mahali pazuri balbu ilitulia. Mahali pabaya ilipepesa jicho. Ufa ni ubaya unaoonekana ukiusaidia, lakini kuna ubaya mwingine usio na mstari, wa chembe kukaa ovyo tu ndani, kama watu waliokaa kanisani bila kufuata viti. Huo ndio ulioninyima usingizi zaidi.

Nilinunua daftari la hesabu, la miraba, nikaanza kuzichora. Kila kaboni niliyoikataa niliipa ukurasa wake: umbo la ufa, upande gani, imelia vipi, imechora rangi gani, na chini nikaandika "Imekataliwa". Mwandiko wangu ni mzuri. Nasema hivyo bila kujisifu, maana ndio ulioniponza. Zile nilizozikubali nilizipigia kitone kimoja kidogo mkiani, mwisho usiogusa shaba, kwa ncha ya msumari, katikati kabisa. Kabla ya kukipiga niliweza kurudia kuipima hiyo katikati hata mara nne. Madereva wakaanza kuulizia. "Iko na kitone?" walisema. "Kama haina, sitaki."

Fundi alifurahi. Aliniita Daktari. Akija mteja, alimwambia, "Ngoja kwanza Daktari apime hii mgonjwa." Dereva mmoja wa lori la Isebania, mtu wa maneno mengi, alimjibu, "Jaduong', huyo siku ya kuoa atamwinua bibi arusi juani atafute ufa." Tukacheka sote, nami nikacheka, ingawa usiku nilijiuliza kama ni kweli.

Kibanda kilikuwa na sheria moja ya tangu zamani. Kitu ukishakikataa, unakivunja siku hiyohiyo kwa nyundo. Fundi alifundishwa hivyo na aliyemfundisha yeye. "Kitu kibovu kikilala kizima," alisema, "asubuhi kitaamka kikijiita kizuri." Mimi sikuzivunja. Nilizitia ndani ya kopo la maziwa ya unga chini ya benchi, kwa sababu nilitaka kuzitazama tena na kulinganisha na michoro. Nilizipenda mbovu kuliko nzuri. Nzuri hazina la kusema. Fundi aliniambia mara mbili, "Daktari, vunja hizo vitu." Nilimjibu, "Kesho, jaduong'." Hakuniambia mara ya tatu.

Hapa nifike kwenye yale ninayoona haya kuyaandika.

Macho ya fundi yalikuwa yanakufa. Ukungu mweupe ulikuwa umeanza kutanda kwenye jicho la kulia, na la kushoto lilikuwa njiani. Alichonga kwa kupapasa. Masikio yake yalikuwa ya ajabu, aliweza kutambua dainamo ya gari gani inaumwa kabla gari halijavuka daraja, lakini kwa macho alianza kukosea. Alikata pembe upande. Aliweka kaboni kichwa chini. Mimi niliyarekebisha makosa hayo kimya kimya, kisha nikaacha kuwa kimya. Siku moja mbele ya yule dereva wa Isebania nilichukua kaboni mkononi mwake nikasema, "Jaduong', hii huioni. Nipe mimi." Dereva akapiga mluzi. "Omera, ndugu yangu, mtoto amechukua kiti!" Fundi alitabasamu, akapangusa mikono yake kwa tambara kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Na kuna ukurasa. Nyuma kabisa ya daftari niliandika kichwa: "Makosa ya fundi." Chini yake niliorodhesha kila kosa na siku yake. Sikukusudia kumwonyesha mtu yeyote. Nilijiambia ni kwa faida ya kazi, ili nijue cha kukagua. Lakini ukweli ni kwamba nilipokuwa nikiandika nilisikia raha fulani, raha ya mtu anayekuta vumbi juu ya kabati la mwenzake.

Kisha akaja mtu wa Homa Bay. Alikuwa msimamizi wa mashine katika kiwanda cha pamba, mtu wa makamo, mwenye suruali iliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Gari lake lilikuwa limekufa taa akielekea kwao kwa matanga. Nilimtilia kaboni mbili. Baada ya miezi kadhaa alirudi kwa makusudi.

"Nani alichonga zile?"

Fundi ndiye aliyejibu, na sitasahau jinsi alivyonishika bega na kunisukuma mbele. "Huyu hapa. Daktari wangu. Hata ng'ambo hawapimi hivi."

Msimamizi akatueleza shida yake. Dainamo iliyowasha taa za kiwanda ilikuwa inakula kaboni, na msimu wa pamba ulikuwa umekaribia. Mtu aliyeitunza alikuwa anastaafu. Akasema, "Niletee sita. Tutazifunga Jumamosi mashine zikilala mchana. Zikimaliza mwezi bila cheche, hiyo kazi ya dainamo ni yako. Kuna nyumba ya kukaa na kuna mafunzo Kisumu."

Mafunzo. Mimi niliyejifunza kwa karai la mafuta ya taa na chaki ya kuokota ningefundishwa na watu wanaojua jina la kile nilichokuwa nakitafuta. Nilitamani kuuliza kama kule Kisumu wanajua kwa nini kijiti kimoja kinachora kijivu na kingine cheusi. Niliogopa kuonekana mjinga.

Nilichonga wiki mbili. Katika vijiti zaidi ya thelathini nilikubali sita. Vingine vyote viliingia kwenye kopo, kila kimoja na ukurasa wake. Namkumbuka mmoja hasa, kaboni ninayemtaja kama mtu, kwa sababu alinivunja moyo. Alilia vizuri, alichora kijivu, balbu ilitulia. Nilikuwa nimeshamchonga na kumsugua mpaka aking'aa. Kwenye chaki, mwisho kabisa, ukajitokeza ufa wenye vidole vitatu na kisigino, kama mguu wa kuku aliyekanyaga tope. Kidole cha katikati kilikuwa kifupi. Nilimchora kwa uangalifu kuliko wote. Nikaandika "Imekataliwa".

Ijumaa nilizifunga zile sita kwa karatasi, moja moja, nikazipanga ndani ya kopo la ugoro lililooshwa. Jua lilikuwa limeinama. Nilimpa fundi kopo pamoja na ufunguo, maana kesho yake ilikuwa Sabato na yeye ndiye angezipeleka Homa Bay.

"Usifungue, jaduong'," nilimwambia. "Mavumbi."

"Mimi nitafungua niangalie nini?" akasema. "Na haya macho?"

Nikacheka. Sikuona kwamba yeye hakucheka.

Jumamosi ile kanisani niliomba hadi nikasahau kukaa wenzangu walipokaa.

Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili dereva wa basi akaniletea ujumbe wa mdomo: "Yule mtu wa pamba anasema uende, na usiende na nguo ya kanisa." Nilijua ni mabaya. Nilifika Homa Bay asubuhi, nikashuka hadi kiwandani. Msimamizi alinipeleka kwenye dainamo bila kunisalimu vizuri. Mviringo wa shaba ulikuwa umechorwa mifereji. Akaufungua mkono wake. Kiganjani mlikuwa na kaboni iliyovunjika vipande viwili, na nyingine iliyotafunika upande mmoja.

"Taa zilizima watu wakiwa kwenye mashine za misumeno ya kuchambulia pamba," alisema. "Mmoja angebaki bila mkono. Hii ni alama yako?"

Niliangalia mkiani. Kitone kilikuwapo. Kisha nikaangalia palipovunjikia. Ilikuwa imepasukia kwenye ufa wa zamani, wenye vidole vitatu, cha katikati kifupi.

Ningemtambua yule kuku hata gizani. Nikakitazama kitone tena. Vitone vyangu hukaa katikati. Hiki kilikuwa kimekimbilia ukingoni, kama kilivyopigwa na mtu aliyepapasa kwanza kwa dole gumba, kisha akaweka msumari pale alipodhani ni katikati.

"Alama ni kama yangu," nilisema, "lakini…"

"Kila fundi ana lakini yake," akanikata. "Kuna mtu mwingine anangoja hii kazi. Kama una kitu cha kunionyesha, kilete kabla ya Jumanne. Baada ya hapo usinisumbue."

Niliomba vile vipande, akanipa. Nilirudi Migori navyo mfukoni, na njia nzima vidole vyangu vilikuwa vikiupapasa ule ufa.

Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda akizungusha dainamo ya basi kwa mkono na kuisikiliza. Nilifungua daftari, nikaweka vipande juu ya mchoro. Viliingia kama mguu kwenye unyayo wake. Kisha nikakumbuka kwamba hawezi kuona. Nikamshika mkono, nikakiweka kidole chake juu ya ule mpasuko.

"Unaijua hii, jaduong'?"

Alipapasa kidogo. Hakujifanya. Hilo nalo lilinichoma, kwamba hakujitahidi hata kunidanganya.

"Naijua. Nilitoa mbili zako nikaweka mbili za kopo."

"Kwa nini?"

"Ungeenda."

"Lakini wewe ndiye uliyenisifu kwake! Wewe ndiye uliyenisukuma mbele!"

"Ndiyo. Halafu nikarudi nyumbani nikafikiri. Ukienda, nani atakuwa macho yangu? Nilidhani zitatoa cheche kidogo, waseme hapana, ubaki. Sikujua ya taa na misumeno. Adiera, nyathina, hiyo sikujua." Adiera kwetu ni kweli kabisa, na nyathina ni mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo tangu nije. Siku zote nilikuwa Daktari.

Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Aliyapokea yote akiwa ameinamisha kichwa, mkono wake ukiwa bado juu ya dainamo. Nilipoishiwa pumzi, akauliza kwa upole, "Na mimi, ukurasa yangu bado iko huko nyuma?"

Nilikaa chini.

"Yule wa Isebania alinisomea," alisema. "Jumamosi moja. Aliona daftari kwenye benchi akaanza kusoma kwa sauti, anacheka. Alifikiri ni mchezo. Watu wa basi walikuwa hapo. Alisoma yote, Daktari. Na tarehe."

Nililifunga daftari. Nataka niseme wazi, kwa sababu nimejiapiza kusema wazi: sikumwonea huruma hata kidogo. Niliwaza tu kwamba yeye alikuwa na macho mabaya na mimi nilikuwa na maisha yote, na ametia maisha yangu ndani ya kopo la ugoro akayapeleka Homa Bay siku niliyokuwa nikiomba.

Nilimwambia lazima akaseme ukweli kwa msimamizi. Alikubali. Kwa kuwa hakujua kuandika, niliandika mimi. "Mimi fundi wa Migori nakiri kwamba kaboni mbili kati ya sita nilizitoa katika kopo la zilizokataliwa, nikazitia alama ya kijana wangu yeye asijue." Niliiandika mara tano. Mara ya tatu herufi moja iliinama, nikaitupa. Fundi alichovya dole gumba katika unga wa kaboni uliochanganywa na mafuta, akalikandamiza chini. Tukapatana Jumatatu alfajiri tukutane penye basi, twende pamoja.

Nilimngoja. Basi likapiga honi. Kondakta akaniuliza, "Wewe unaenda ama unalinda basi?" Niliangalia upande wa daraja mpaka nikaona haya kuangalia. Nikapanda peke yangu.

Njiani nililifungua daftari kwenye ule ukurasa wa nyuma, nikaushika nipate kuuchana. Lakini ukitoa karatasi moja ya daftari lililoshonwa, mwenzake wa upande wa pili hulegea na kuanguka, na mwenzake ulikuwa na michoro yangu ya kwanza. Sikuweza. Nimejiuliza mara nyingi ni mtu wa namna gani anayeshindwa kuchana karatasi saa kama ile.

Msimamizi alisoma barua akiwa amesimama. Kisha akachukua daftari, akalifungua kwenye mguu wa kuku. Aliangalia mchoro, akaangalia vipande, akatikisa kichwa kama mtu anayesifu. Kwa muda mfupi moyo wangu ukapanda.

"Kazi safi," alisema. "Kwa hiyo ulijua ni mbovu tangu mwanzo."

"Ndiyo, ndiyo maana niliikataa…"

"Na ikaja kwangu na alama yako."

"Barua inaeleza, bwana."

"Barua." Aliiweka kando ya daftari, akazilinganisha. "Huu mwandiko ni mmoja."

"Yeye hajui kuandika. Mimi nilimwandikia. Hilo ni dole gumba lake."

"Dole gumba halina jina, kijana. Yeye mwenyewe yuko wapi?"

Msimamizi alikuwa akifunua kurasa kwa utaratibu, kama mimi ninavyofunua, akafika nyuma. Nilimwona akisoma. Midomo yake ilisogea. Alipomaliza alilifunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima iliyokuwa mbaya kuliko tusi.

"Mzee aliyekulisha umemwandika hivi. Halafu unaniletea barua ya kumtwika kosa, na mkono ni wako." Akaitoa kalamu moja mfukoni, akairudisha. "Mimi siwezi kumpa mtu kama huyo taa za watu."

Kesho yake yule mwingine alianza kazi.

Nilirudi Migori kwa sababu nguo zangu zilikuwa kule. Fundi alikuwa kibandani. "Miguu ilikataa," alisema kabla sijauliza. "Nilifika hadi kwa mshonaji wa viatu, ikakataa." Nilitoa kopo la maziwa chini ya benchi, nikazimwaga juu ya lile jiwe bapa, nikachukua nyundo. Nilitenda kile nilichoambiwa mara mbili nikitende. Nilivunja moja baada ya nyingine, na kila moja ilitoa ule mlio wa kigae. Fundi aliacha kazi yake, akageuza sikio.

Nilikuwa karibu kumaliza. Nikapiga moja, ikalia kama kikombe cha bati.

"Hiyo ilikuwa nzima," alisema.

Niliokota vipande vyake, nikavipeleka mlangoni penye jua, nikaviangalia kwa lenzi ya miwani iliyovunjika niliyoitumia siku zote. Uso wa ndani ulikuwa wa kijivu, safi, chembe zimepangana hadi ukingoni. Hapakuwa na ufa wowote, wala kitone mkiani, kwa hiyo haikuwa mojawapo ya zile mbili alizozitoa. Sijui niliikataa kwa lipi. Huenda siku hiyo nilikuwa nimechoka, au nilikuwa nimezoea kukataa.

"Eh?" aliuliza. "Nimekosea?"

Nilizoa vipande vyote kwa fagio, nikavitupa nje pamoja na vingine. Nikamwekea ufunguo kwenye kiganja. Alikuwa bado amegeuza sikio, akingoja. Sikumwambia kwamba alisikia sawasawa.